Nani Hufilisika Meru?

Matangazo ya mnada hayaishi Kinoru. Hubandikwa kwenye kuta na nguzo za stima kandokando ya barabara zinazoelekea uwanja wa michezo, moja juu ya jingine, jipya likifunika la zamani. Kila tangazo lina nambari ya ardhi, mara nyingi ikianza na maneno Ntima/Igoki, kisha ukubwa wa kipande, jina la mkopeshaji na simu ya dalali. Jina la anayepoteza ardhi nalo halikosi. Jina la mkurugenzi aliyeangusha sosaiti, yaani chama cha ushirika, au kampuni iliyomfikisha mwenye ardhi hapo halina nafasi kwenye karatasi hiyo, na mara nyingi halina nafasi kwingine pia.

Kinoru iko pembezoni mwa mji wa Meru, katika ukanda wa kahawa wa Imenti. Wageni huijua kwa uwanja wake, uliofumuliwa na kuanza kujengwa upya kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya 2018, ambayo Kenya ilinyang'anywa Septemba 2017 kabla hata mpira haujapigwa. Wenyeji wana habari nyingine za kusimulia, na nyingi zinahusu mikopo. Tangu Waingereza wafike hapa, swali limekuwa lile lile: mali ikiisha na deni likabaki, nani alibebe? Jibu limebadilika mara kadhaa, lakini kwa muda mrefu mzigo umemwangukia aliyekuwa na kidogo.

Edward Butler Horne, ofisa ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi, alianzisha kituo cha serikali Meru mwaka 1908. Alikuta watu wenye mabaraza yao, na juu ya mabaraza hayo Njuri Ncheke. Utajiri ulikuwa mifugo, na madeni yalihesabiwa kwa mbuzi na ng'ombe: mahari ambayo haijaisha, fidia ya damu, mnyama aliyeazimwa akafia mikononi mwa mwingine. Mdaiwa hakusimama peke yake. Ukoo ulisimama naye, ukachanga, ukaomba muda. Akifa kabla hajamaliza, wanawe walirithi deni pamoja na zizi. Aliyekana deni alikabiliwa na kiapo, na katika nchi ya Meru kiapo cha kumpiga beberu, nthenge, kiliogopwa kuliko fimbo ya askari.

Mpango huo haukuwa pepo. Wazee walikula mbuzi wa pande zote mbili kabla ya kutoa uamuzi, na mwenye ukoo mdogo alijua fika kwamba ukoo mkubwa unasikilizwa zaidi. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo sheria zilizofuata zilichukua muda mrefu kuifikia: haukumtupa mtu gizani kwa kukosa cha kulipa, na haukumruhusu mwenye madaraka kujitenga na hasara aliyoisababisha. Mzee aliyetafuna mali ya wengine aliitwa barazani kwa jina lake.

Miaka ya 1930 mkuu wa wilaya H. E. Lambert aliipa Njuri Ncheke nafasi rasmi katika utawala, akiamini kwamba ni rahisi kutawala kupitia wazee kuliko kuwapita. Wakati Lambert akiandika taarifa zake Meru, Nairobi ilikuwa tayari na sheria mpya ya madeni ambayo wazee hao hawakuulizwa lolote kuihusu.

Hiyo ilikuwa Sheria ya Ufilisi ya 1930, iliyonakiliwa kutoka ile ya Uingereza ya 1914. Kwenye karatasi ilimhusu kila mtu. Ila ili mtu afilisike kisheria, ni lazima kwanza akopeshwe, na Mwafrika hakukopeshwa. Tangu mwanzo wa karne kulikuwa na sheria za kudhibiti mikopo ya wafanyabiashara kwa Waafrika, na ile ya 1948 iliweka kikomo: mkopo uliozidi shilingi 200 haukuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa umeidhinishwa na serikali. Serikali ilisema inamlinda Mwafrika asinyonywe na wenye maduka. Huenda iliamini hivyo. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka wa Kihindi mjini Meru hakuwa na sababu ya kumpa Mmeru bidhaa kwa mkopo wa maana, na Mmeru hakuweza kufungua biashara kubwa kuliko akiba iliyokuwa mfukoni mwake.

Linganisha na upande wa pili. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alifariki Novemba 1931 akiacha madeni ya benki yanayokadiriwa kufika pauni nusu milioni. Mwaka huo huo serikali ilianzisha Benki ya Ardhi kuwakopesha wakulima wa Kizungu, na mwaka 1936 ikatunga sheria maalumu ya kuwasaidia wale waliozama katika madeni wapatane na wadai wao badala ya kufukuzwa mashambani. Mlowezi alipokwama alipewa muda. Mwafrika hakupewa hata nafasi ya kukwama.

Ni katika miaka hiyo hiyo kahawa ilipoingia Meru. Walowezi walikuwa wameizuia isilimwe na Waafrika, wakidai italeta magonjwa na wizi, ingawa hofu kubwa ilikuwa kukosa vibarua. Hatimaye, kati ya 1933 na 1935, serikali iliruhusu majaribio katika wilaya tatu, Kisii, Embu na Meru, kwa miti michache na chini ya uangalizi mkali. Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa 1954, uliofungua mlango wa kahawa na kupima mashamba ili yapewe hatimiliki. Wachache waliona wakati huo kwamba hatimiliki ina sura mbili. Ilimhakikishia mkulima shamba lake, na papo hapo ikaligeuza shamba hilo kuwa kitu ambacho benki inaweza kukichukua. Ardhi ya ukoo haikuwa rahisi kupigwa mnada kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja. Ardhi yenye nambari na jina moja ilikuwa tayari kwa dalali.

Bei ilipokuwa nzuri hakuna aliyewaza hayo. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia iliruka, na nyumba nyingi za mawe za Imenti zilijengwa kwa fedha za miaka miwili iliyofuata.

Ili kuelewa jinsi hasara inavyomfikia mkulima, inafaa kumfuata siku moja hadi fakta, kiwanda cha kumenyea kahawa. Anafika alasiri na gunia, anamwaga matunda juu ya turubai, anachambua: mekundu huku, mabichi na yaliyokauka kule. Karani anapima, anaandika kilo kwenye daftari, anampa risiti. Hapo mkulima hajauza. Amekabidhi. Matunda yanamenywa, yanaoshwa, yanaanikwa, yanapelekwa kukobolewa, yanaingia ghala, yananadiwa Nairobi, na fedha zinarudi kwa njia ile ile huku kila kituo kikikata chake: usafiri, ukoboaji, uhifadhi, ada ya muungano wa sosaiti, mkopo wa mbolea, riba. Miezi kadhaa baadaye anapokea karatasi yenye tarakimu moja ya juu na nyingi za kupunguza. Kwa muda wote huo yeye ndiye anayewakopesha wote walio mbele yake, bila riba na bila dhamana. Hakuna anayemwita mkopeshaji, lakini kampuni yoyote katika mnyororo huo ikianguka, ndivyo mahakama itakavyomwona: mdai asiye na dhamana.

Kampuni iliyoanguka ilikuwa kubwa kuliko zote. Kenya Planters Co-operative Union, KPCU, ilianzishwa na walowezi mwaka 1937. Baada ya uhuru ikawa mali ya wakulima wadogo kupitia sosaiti zao, na kwa miongo mingi ilikoboa kahawa yote ya nchi, ikiwa na mitambo Nairobi, Sagana na Meru. Ilikuwa kampuni na ushirika kwa wakati mmoja, na hilo halikuwa jambo dogo. Mambo yalipoharibika ilikuwa vigumu kusema kama wakurugenzi wake wanajibu kwa Msajili wa Kampuni au kwa Kamishna wa Vyama vya Ushirika, na pasipojulikana nani anauliza, hakuna anayejibu.

Yaliharibika taratibu. Mfumo wa dunia wa mgao wa kahawa ulivunjika Julai 1989 na bei ikaporomoka. Kenya, iliyovuna karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88, ilijikuta miaka ya 2000 ikivuna chini ya tani 50,000 kwa misimu mingi. Soko lilifunguliwa, wakoboaji wa kibinafsi wakaingia, na mitambo ya KPCU ikabaki na kazi haba. Oktoba 2009 benki ya KCB, iliyodai zaidi ya shilingi milioni 600, iliiweka chini ya mrasimu.

Hapa sheria ya zamani ilionyesha sura yake. Mrasimu wa wakati huo hakuteuliwa kuokoa kampuni. Aliteuliwa na mwenye dhamana, alimtumikia mwenye dhamana, na kazi yake iliisha deni la mwenye dhamana lilipolipwa. Mkulima aliyekuwa na kahawa ghalani ilimbidi athibitishe kwamba ni yake na si ya kampuni. Sosaiti yake, ikiwa mwenye hisa, ilisimama nyuma kabisa ya foleni: gharama, wenye dhamana, wafanyakazi, kodi na wadai wa kawaida wakishalipwa, ndipo mwenye hisa huuliza kama kuna kilichobaki.

Na wakurugenzi je? Sheria ya Kampuni iliyoanza kutumika 1962 ilikuwa nakala ya ile ya Uingereza ya 1948. Iliipa mahakama uwezo wa kumzuia mtu aliyefanya hila asiongoze kampuni kwa hadi miaka mitano, na ilisema kwamba anayefanya biashara kwa nia ya kuwalaghai wadai aweza kubebeshwa madeni binafsi. Neno zito hapo ni nia. Kuthibitisha nia ya ulaghai ni kazi ngumu hata kwa mwendesha mashtaka mwenye uwezo. Mkurugenzi mzembe, aliyetia saini bila kusoma na kuendelea kukopa huku akiona shimo mbele, alikuwa salama. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wazembe wa aina hiyo wameiumiza Meru kuliko wezi.

Upande wa ushirika ulikuwa mbaya zaidi kwa muda. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 iliwaondoa maofisa wa serikali katika usimamizi wa kila siku. Wazo lilikuwa zuri, wanachama wajitawale. Ila waliokuwa tayari kutawala mara moja walikuwa wajanja. Sosaiti kubwa zikagawanyika vipande vipande, kila kipande na kamati yake, posho zake na mkopo wake, na katika wilaya za kahawa uchaguzi wa kamati ukawa vita. Mwaka 2004 Bunge lilirekebisha sheria na kumrudishia Kamishna meno: kuchunguza vitabu, kuondoa kamati, na kuwatoza maofisa fedha walizopoteza kutoka mifukoni mwao. Kisheria, basi, mwenyekiti wa sosaiti ndogo ya kijijini angeweza kulipishwa hasara kwa urahisi zaidi kuliko mkurugenzi wa kampuni kubwa Nairobi.

Wakati huo mdaiwa wa kawaida aliendelea kwenda jela. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, yenye asili ya India ya Waingereza, iliruhusu mdai aliyeshinda kesi kuomba mdaiwa akamatwe na kuwekwa jela ya kiraia hadi miezi sita. Mdai ndiye aliyelipia chakula cha mfungwa wake. Akiacha kulipa, mfungwa anaachiliwa. Na akitoka, deni liko pale pale, halijapungua hata senti kwa siku alizolala sakafuni. Sheria hiyo hiyo, kwa upole wa ajabu, ilimkataza dalali kuchukua sufuria za kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa. Mwili wake ndio uliweza kuchukuliwa.

Pigo dhidi ya utaratibu huo lilitoka kwa binti wa Meru. Martha Koome, aliyezaliwa Kithiu na ambaye mwaka 2021 angekuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alikuwa mwaka 2010 jaji wa Mahakama Kuu Nairobi. Mbele yake kulikuwa na shauri la ufilisi la mwanamke aliyefungwa kwa deni. Katiba mpya ilikuwa imezinduliwa tarehe 27 Agosti mwaka huo, na ilisema kwamba mikataba ya kimataifa ambayo Kenya imeridhia ni sehemu ya sheria ya nchi. Kenya iliingia katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na ibara yake ya 11 inakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano. Tarehe 24 Septemba, katiba ikiwa haijatimiza hata mwezi, Koome aliamua kwamba kifungo hicho kinakiuka mkataba.

Mawakili wa wadai walishtuka, lakini si kwa muda mrefu. Mwaka 2012 Jaji David Majanja alilitazama swali upya na kusema kifungu chenyewe cha sheria si haramu: kinachokatazwa ni kumfunga asiyeweza kulipa. Anayeweza na anakataa kwa kiburi bado aweza kufungwa, alimradi hilo lichunguzwe kwanza. Hapo ndipo sheria ilipotua. Mdai wa Kinoru leo haingii mahakamani na kutoka na hati ya kumkamata jirani. Ni lazima aonyeshe kwamba jirani huyo ana cha kulipia. Vivyo hivyo, chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki haiwezi kukurupuka na kuuza shamba: notisi ya miezi mitatu, kisha ya siku 40, kisha siku 45 za dalali, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke.

Septemba 2015 ndipo zilipotiwa saini sheria mbili zilizoondoa urithi wa 1930 na 1962, Sheria ya Kampuni na Sheria ya Ufilisi. Uingereza ilikuwa imefanya mageuzi kama hayo mwaka 1986, baada ya ripoti ya kamati ya Kenneth Cork. Kenya ilichelewa kwa karibu miaka 30, lakini ilipofika ilifika na mengi. Muflisi ambaye zamani angeweza kuitwa hivyo maisha yake yote sasa huachiliwa baada ya miaka mitatu, kama hakuna pingamizi. Maskini kabisa, mwenye deni kati ya shilingi 100,000 na 400,000 na asiye na mali ya kuuza, ana njia yake ndogo ya kufutiwa baada ya mwaka mmoja. Na kampuni iliyokwama huwekwa chini ya msimamizi anayewajibika kwa wadai wote, ambaye wajibu wake wa kwanza ni kujaribu kuiokoa.

Kwa wakurugenzi, neno nia limepoteza uzito wake. Aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba kampuni haina tena njia ya kuepuka kufilisiwa, akaendelea kukopa, aweza kuamriwa achangie malipo ya madeni. Kipimo ni kile ambacho mkurugenzi makini angekiona. Mahakama pia yaweza kumpiga marufuku asiyefaa asiongoze kampuni nyingine, na marufuku hiyo yaweza kufika miaka 15.

Mianguko mikubwa haikukawia kufuata. Tarehe 13 Oktoba 2015, mwezi mmoja tu baada ya saini, Benki Kuu ilifunga Imperial Bank, kufuatia kifo cha mkurugenzi mkuu wake, Abdulmalek Janmohamed, na kugunduliwa kwa ulaghai wa miaka mingi vitabuni. Januari 2018 Nakumatt, iliyokuwa na duka Meru, iliwekwa chini ya msimamizi Peter Kahi ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Rafu zilikuwa zimebaki tupu kwa miezi. Wadai walijaribu, wakachoka, na Januari 2020 wakapiga kura ivunjwe. Waliouza maziwa, mboga na mkate kwa duka lile walikuwa wadai wasio na dhamana, mahali pale pale aliposimama mkulima wa kahawa mbele ya KPCU.

KPCU yenyewe ilimalizwa mwaka 2019, wakati wizara ya ushirika ikiwa chini ya Peter Munya, aliyekuwa gavana wa Meru hadi 2017. Mahali pake pakachukuliwa na New KPCU, kampuni ya serikali, na mwaka 2020 ikakabidhiwa mfuko wa shilingi bilioni 3 wa kuwapa wakulima malipo ya awali kabla kahawa haijauzwa, kwa riba ndogo. Ni msaada wa kweli kwa anayengoja miezi kadhaa. Lakini mkulima ambaye sosaiti yake ilikuwa na hisa katika chama cha zamani sasa ni mteja wa shirika jipya. Hana kitu ndani yake zaidi ya huduma, na madai ya hisa zake za kale yalibaki kwa mfilisi.

Njuri Ncheke nayo haijafa. Katiba ya 2010 inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru ilikubali ombi la pande mbili zilizogombea ardhi kwamba shauri lao lirudi kwa wazee. Makao yao ya Nchiru, jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichojengwa juu ya ardhi waliyoitoa, bado hupokea mashauri ya mipaka, ya urithi na ya mifugo. Lakini ombi la kumzuia mkurugenzi, au la kumfanya achangie deni la kampuni yake, hupelekwa Mahakama Kuu, na huko kwanza ni lazima apatikane mfilisi, au ofisi ya serikali, au mdai mwenye fedha za kumlipa wakili.